Vuli ya ukutani na mbuyu wa dirishani

Nimepotea kwa sababu zile zile: TP, vumbi, halafu ripoti ya TP ambayo ni ndefu kuliko TP yenyewe. Sasa nimerudi huku kilimani. Bumu halijaingia, mapindi yameanza, na kabla sijakaa kupiga msuli naomba nitoe la moyoni kuhusu neno moja dogo tu la Kiswahili. Neno lenyewe ni vuli.

Mi ni mtu wa Muheza, Tanga. Kwetu vuli haina haja ya kufundishwa. Vuli ni mvua, basi. Oktoba mawingu yanaanza kujikusanya kutoka baharini, watu wanakimbizana kumaliza kulima, mahindi na maharage ya vuli yanaingia ardhini. Ikichelewa wiki mbili utawaona wazee wanatazama juu kila dakika kumi kama wanamsubiri mgeni. Mtoto wa miaka mitano kwetu anajua vuli kabla hajajua kuandika jina lake.

Basi bwana, Julai nikapangiwa TP shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Dodoma. Darasa la kwanza, watoto 84, madawati ya watoto 40 na kitu. Ukutani kuna chati kubwa, ya kununua, imepauka kwa jua. Juu imeandikwa MAJIRA YA MWAKA. Chini ina picha nne za mti uleule. Wa kwanza una maua ya pinki, umeandikwa MASIKA. Wa pili una majani mabichi, KIANGAZI. Wa tatu una majani mekundu na ya njano yanadondoka, na mtoto mmoja mwenye koti na skafu anayafagia, VULI. Wa nne umefunikwa na theluji, KIPUPWE. Theluji, Dodoma! Yaani theluji yetu ya karibu iko juu ya Kilimanjaro, na hiyo nayo inazidi kupungua.

Watoto walikuwa wameshakariri. Ukigusa picha ya tatu kwa fimbo, darasa zima linaimba: "Vuli ni majira ya majani kupukutika!" Sauti moja, safi kabisa. Nikauliza, haya, nani amewahi kuiona vuli? Kimya. Kijana mmoja wa nyuma akanyanyua kidole: "Mwalimu, vuli ni kivuli kikubwa?"

Msicheke. Mi nilicheka, halafu nikatulia, maana dogo ana akili sana. Kitabu kikiwa kidogo ni kijitabu, mtoto akiwa mdogo ni kitoto, sasa kama kuna kivuli si lazima kuwe na kivuli kikubwa mahali fulani? Na mwavuli je? Mtoto anatafuta neno jipya lifanane na kitu anachokijua. Hajawahi kulisikia vuli likitajwa nyumbani, kwa hiyo amekwenda kwenye neno la jirani.

Na kweli hawezi kulisikia. TMA wakitoa utabiri wa vuli, wanazungumzia mvua za Oktoba hadi Desemba kwa maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka: pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, nyanda za juu kaskazini mashariki kama Arusha na Kilimanjaro, na ukanda wa Ziwa Victoria. Dodoma haimo. Dodoma, Singida, Tabora, Mbeya, Ruvuma na Mtwara wana msimu mmoja tu, kuanzia Novemba mpaka Aprili, na TMA wenyewe wanauita hivyo hivyo, Msimu. Kwa hiyo mtoto wa Kigogo hana vuli kabisa. Hana ile ya Muheza ya mvua, wala hana ile ya ukutani ya skafu.

Lakini sasa sikilizeni utamu wake. Nje ya dirisha la darasa letu kuna mbuyu. Mkubwa, mtu na wenzake watano hawaumalizi kwa mikono. Na mwezi Agosti huo mbuyu hauna hata jani moja! Upo uchi kabisa, matawi juu kama mizizi, na upepo wa Dodoma unazungusha majani makavu ya miti mingine uwanjani. Yaani majani yanapukutika hapo hapo, mita ishirini kutoka kwenye chati inayosema majani yanapukutika, na watoto 84 wamekaa wameupa mgongo mti halisi wanaimba mti wa picha.

Ukiwauliza hapo nje ni majira gani, wote wanajua: kiangazi. Na wako sahihi.

Wiki hiyohiyo kukawa na jaribio. Swali la sita lilikuwa na mchoro wa mti unaodondosha majani, na chini yake: Haya ni majira gani? Binti mmoja wa dawati la mbele, mdogo, mkimya, mwandiko mzuri kuliko wangu, akaandika kiangazi. Mwongozo wa kusahihisha unasema vuli. Akapigwa kosa.

Alama moja tu, utasema. Lakini mi nilimwona alipopokea daftari. Akaangalia ule mkasi mwekundu, akageuka akaangalia dirishani, akarudi kwenye daftari. Halafu akafunga. Kuanzia siku hiyo mkono wake haukunyanyuka tena. Nikiuliza swali anaangalia kwanza midomo ya wenzake, wakianza kuimba na yeye anaimba.

Jamani, hapo ndo palinikaa rohoni. Yule mtoto hakujifunza kwamba jibu ni vuli. Alijifunza kwamba anachokiona kwa macho yake hakihesabiki. Ana miaka sita. Miaka kumi na mitano ijayo atakuwa huku kilimani anadesa kama sisi, anaandika kile mwalimu alichosema bila kuangalia dirishani, na tutamlaumu kwamba hafikiri.

Wote tumesoma Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya 1967, maana bila hiyo huvuki mwaka wa kwanza. Moja ya malalamiko yake mle ni kwamba shule zinamfanya mwanafunzi aone maarifa yote ya maana yako vitabuni au kwa waliosoma, na kudharau ujuzi wa wazee wa kijijini. Nilipokuwa naikariri kwa ajili ya mtihani niliona ni siasa. Nikiwa Dodoma nikaona ni jambo linalotokea saa nne asubuhi siku ya Jumanne.

Nikamfuata mwalimu wa darasa. Mama mtu mzima, alianza kufundisha kabla mi sijazaliwa, na watoto wanampenda kufa. Nikamwamkia, nikamweleza taratibu, mbuyu, kiangazi, yule binti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mwanangu, nimekuelewa. Lakini mtihani hautoki chini ya mbuyu."

Na jamani, ana hoja. Ana watoto 84, chati moja, na ofisi inayouliza wangapi wamefaulu. Yule binti akifika darasa la nne akaulizwa vuli na akaandika kiangazi, hakuna wa kumwuliza alikuwa anatazama mti gani. Akaniambia, "Ile chati usiiguse. Ya kwako itengeneze, uiweke pembeni yake." Hiyo kwangu ilitosha.

Ijumaa nikawatoa nje. Piaget mnamjua, mtoto wa miaka 2 mpaka 7 anafikiri kwa kile anachokiona na kukigusa, kwa hiyo nikaamua waguse. Kazi ya kwanza: kila mtoto aokote majani matano. Tukayapanga kwa rangi, kwa ukubwa, tukayahesabu, tukajumlisha. Hapo tayari nimeshafundisha hesabu na hakuna aliyegundua, teh teh.

Kazi ya pili ndiyo niliyoipenda. Shuleni kuna mwarobaini, na mwarobaini unabaki na majani hata kiangazi. Nikachukua mifuko ya mkate, ile ya kuonyesha ndani, maana ya kubebea ilipigwa marufuku toka Juni 2019. Mmoja nikaufunga kwenye tawi la mwarobaini lenye majani. Mwingine nikaufunga kwenye kijitawi cha mbuyu mdogo ulioko nyuma ya vyoo, kisicho na jani. Tukaenda kuimba na kunywa uji. Tuliporudi, mfuko wa mwarobaini una matone ya maji ndani. Wa mbuyu mkavu kabisa.

Kelele zilizopigwa pale! "Mwalimu, mti unatoka jasho!"

Sikuwaambia neno lolote la kitabuni. Nikauliza tu: mvua imenyesha lini mara ya mwisho hapa? "Zamani!" Maji yako wapi? "Hakuna!" Sasa wewe ungekuwa mti, ukitoka jasho kila siku na maji hakuna, ungefanyaje? Wakafikiri. Halafu ikatoka sauti ndogo kutoka mbele, ambayo nilikuwa sijaisikia karibu wiki mbili:

"Ungevua majani."

Ndiyo yeye. Na hiyo ndiyo sayansi yenyewe, wadau, haina haja ya kupambwa. Mti unapoteza maji kupitia vitundu vidogo vya kwenye majani. Dodoma inapata mvua kama milimita 500 na kitu kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mbuyu unamwaga majani, unakaa na maji yake kwenye shina, na chini ya gome una tabaka la kijani linaloendelea kutengeneza chakula kidogo kidogo kwa mwanga wa jua. Tulikwangua sehemu ndogo sana kwa kucha kwenye ule mbuyu mdogo wakaona kijani. Mtoto mmoja akasema, kumbe haujafa, umelala. Mwingine akasema bibi yake anasema hivyo hivyo.

Wakati hayo yanaendelea, supavaiza wangu akafika bila taarifa (wanajua kuchagua siku!). Akakuta darasa tupu. Nikamkimbilia, shikamoo Dokta, darasa liko chini ya mti. Akaja, akakaa kwenye mzizi, akaandika sana. Mwisho akaniuliza swali moja: "Na vuli ya Ulaya utaifundisha au umeifuta?"

Swali zuri, na hapa ndipo ninapotaka tuelewane, hasa nyie mnaokwenda TP mwakani. Mi sisemi tuifute. Mtoto ana haki ya kujua kwamba kuna nchi miti inawaka rangi kama moto halafu inabaki uchi kwa sababu ya baridi. Ninachosema ni kwamba hiyo iwe ya pili, na ipewe mahali pake: huko, kwao, mbali.

Na sisi walimu tuijue vizuri kabla ya kuigusa kwa fimbo. Huko kaskazini, tuseme London, siku ya Juni ina mwanga karibu saa 16 na nusu, na ya Desemba haifiki saa 8. Chanzo ni dunia kuinama kwa nyuzi 23.5 inapolizunguka jua. Dodoma tuko nyuzi kama 6 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo tofauti ya siku ndefu na fupi haifiki hata saa moja. Mti wa kule unasoma saa ya jua: mwanga unapungua, baridi inaingia, unaanza kurudisha virutubisho kutoka kwenye majani na kuacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Njano ilikuwemo siku zote, ilifunikwa tu na kijani. Nyekundu nyingi inatengenezwa upya wakati huo. Mwisho mti unajenga ukuta mdogo wa seli kwenye kikonyo, jani linakatika.

Kwa hiyo mti wa London na mbuyu wa Dodoma wanafanya jambo moja, kukwepa kipindi kigumu. Mmoja anakimbia giza na baridi, mwingine anakimbia kiu. Mtoto akishauelewa wa kwake, wa kule anauelewa kwa dakika tano. Ukianza na wa kule, anakariri tu.

Na kuna kichekesho kingine. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Kwa hesabu ya jua, Oktoba ikiwa vuli ya majani kule kwao, upande wetu wa dunia ni wakati wa kuchipua! Ndugu zangu wa Tabora na Katavi ni mashahidi. Ukipita kwenye misitu ya miombo mwezi Septemba, kabla hata tone la mvua halijadondoka, miti mingi ina majani mekundu, rangi ya shaba. Mtu wa chati atasema eeh, vuli hiyo, majani yanakufa. Kumbe ndo yanazaliwa! Majani machanga ya miombo yanatoka mekundu kwanza, kisha yanageuka kijani. Rangi ileile ya mwisho wa kule ni rangi ya mwanzo wa huku. Sasa mpe mtoto wa Tabora ile picha ya tatu, mwambie ndiyo miti inayojiandaa kulala, uone utakavyomchanganya.

Mtu atauliza, lakini neno limetoka wapi mpaka likachanganya watu hivi? Sioni ubaya wa makusudi. Mtafsiri ana picha ya Oktoba na Novemba ya Ulaya, anatafuta neno la Kiswahili la miezi hiyo, analikuta vuli, analichukua. Miezi inalingana, kitu chenyewe hakilingani. Na kwa mtoto wa Muheza hasara ni kubwa pia, maana yeye neno lake linanyang'anywa. Nyumbani vuli ni mvua na jembe, shuleni vuli ni majani na skafu. Mwaka 2023 vuli ilikuja na El Niño, mafuriko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Siku redio ikisema vuli inakuja juu ya wastani, nataka yule mtoto afikirie mtaro na paa, asifikirie kufagia majani.

Sisi wenyewe Kiswahili chetu hakijapungukiwa. Tukitaka kusema autumn ya kule tunaweza kusema majira ya majani kupukutika, linaeleweka na halimwibii mtu. Vuli tuwaachie wenye vuli yao.

Basi, chati yangu niliitengeneza kwa boksi la sabuni. Ina mti mmoja tu, mbuyu wetu, na nafasi 12 za miezi. Nafasi mbili tuliziweka pamoja kabla sijaondoka: Agosti uchi, Septemba uchi lakini kuna upepo (walichora mistari mingi mpaka boksi likatoboka). Zilizobaki niliziacha tupu. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mtoto mmoja anatoka kuutazama mti na kuuchora. Mwalimu wa darasa alikubali kuendelea nayo. Imetundikwa pembeni ya ile ya theluji, zote mbili zinatazamana.

Lile kosa jekundu kwenye daftari bado lipo, halijafutwa. Ila siku yangu ya mwisho yule binti alinifuata mlangoni akauliza, "Mwalimu, kule kwenye theluji wana mbuyu?" Nikamwambia hapana, mbuyu hauwezi baridi ile. Akafikiri kidogo. "Sasa wao wanajuaje kiangazi?"

Nikamwambia hilo ni swali zuri sana, aliandike.

Kwa wenzangu wa elimu ya awali na msingi mnaosubiri kupangiwa vituo: ukifika, kabla hujaandika andalio la kwanza, zunguka shule nzima ujue ina miti gani na upepo unatoka wapi. Uliza mama muuza vitumbua mvua yao inaanza lini na wanaiitaje. Haina gharama, na supavaiza akija ghafla una pa kukimbilia.

Haya, niishie hapa. Kesho saa moja asubuhi kuna pindi la upimaji na tathmini, na mimi desa sina. Mwenye nalo anitafute mapema, soda juu yangu bumu likiingia.

Alamsiki.